Shajara ya mradi: filamu nyeusi-nyeupe nyumbani, hadi negativu zifanane

Shabaha ya mradi ni moja. Mandhari ileile ikipigwa leo na baada ya miezi kadhaa, kwa kamera ileile, negativu zake mbili zikiwekwa kwenye meza ya mwanga zisitofautiane. Uzuri wa picha haumo humu. Hapa panafuatiliwa kurudiwa kwa matokeo, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kujua kama tatizo limetoka kwenye kamera, kwenye dawa au kwenye mkono unaopindua tanki.

Vitu vilivyofungwa visibadilike tangu mwanzo ni filamu ya HP5 Plus ya Ilford, 35mm. Dawa ya kusafishia (inayotokeza picha kwenye filamu) ya D-76 iliyopunguzwa 1+1, sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji, na kumwagwa baada ya kutumika mara moja. Tanki la plastiki la kupindua kwa mkono. Na nyuzijoto 20. Anayebadilisha filamu na dawa kwa pamoja kila wiki hukusanya chupa tu.

Ingizo la 1: kamera kwanza

Kamera ya zamani huja na sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Sponji hizo huoza zikawa kama lami. Zimekwanguliwa kwa kijiti cha mbao kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili, kamera ikiwa imeinamishwa ili makombo yasiangukie mapazia ya shata. Mifereji imejazwa uzi mweusi wa sufu, na upande wa bawaba umewekwa sponji mpya ya milimita 1.5. Ikiwa nene mno, mlango haufungi sawasawa na mwanga hupenya kuliko mwanzo.

Kasi za polepole za shata, kuanzia sekunde 1 hadi karibu 1/30, zimepimwa kwa kurekodi sauti kwenye simu na kufungua faili katika programu ya sauti. Mlio wa kufunguka na wa kufunga huonekana kama vilele viwili, na umbali kati yake ndio muda halisi. Juu ya hapo sauti haitoshi. Inahitajika sensa ya mwanga nyuma ya kamera na taa mbele yake. Kasi inayopungukiwa kwa theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga maradufu au nusu yake) inavumilika. Ikikosea kwa stopu nzima lakini ikakosea vilevile kila mara, iandike kwenye karatasi, uibandike chini ya kamera na kufidia kwa tundu la lenzi. Kisichotibika ni mapazia mawili yasiyokwenda sambamba: kwenye 1/1000 upande mmoja wa fremu hupata mwanga mdogo kuliko mwingine, na hakuna dawa ya kusafishia itakayolisawazisha hilo.

Betri pia. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezewa betri ya zebaki ya PX625, yenye volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Betri ya alkalini ya umbo lilelile hutoa 1.5 ikiwa mpya, kisha hushuka taratibu, kwa hiyo kipimamwanga hudanganya na udanganyifu wenyewe hubadilika. Betri ya zinki na hewa namba 675, ya vifaa vya kusikia, hutoa karibu 1.4 na hukaa hapohapo hadi inapokufa. Hiyo ndiyo iliyowekwa, pamoja na pete ya kuziba nafasi.

Ingizo la 2: giza na spuli

Chumba cha giza kamili hakihitajiki kwa kusafisha filamu. Mfuko wa giza unatosha, kwani giza linahitajika tu wakati wa kuhamisha filamu kutoka kwenye kasha hadi ndani ya tanki. Ubaya wa mfuko ni jasho. Mikono ikikaa humo dakika kumi, hewa hujaa unyevu, na filamu huanza kunata kwenye mifereji ya spuli ya plastiki, gurudumu ambalo filamu huviringishwa juu yake ndani ya tanki. Ikikwama, usiisukume. Weka filamu na spuli ndani ya tanki, funga kifuniko, toa mikono, kausha, subiri, rudi.

Mambo mawili huondoa karibu kwikwi zote. Spuli iwe imekaa kavu tangu jana yake. Tone moja mferejini linatosha kuikamata filamu. Na ncha ya filamu ikatwe wima katikati ya matundu mawili ya pembeni, si juu ya tundu, kisha pembe zote mbili ziviringwe kidogo kwa mkasi. Mazoezi hufanywa kwa mkanda wa kutupwa, kwanza mwangani, halafu macho yakiwa yamefumbwa, halafu ndani ya mfuko. Filamu ikivunjika mkunjo gizani huacha alama ndogo yenye umbo la mwezi mwandamo kwenye negativu. Alama hiyo haitoki.

Kabla ya kufunga tanki, gusa kwa kidole kuhakikisha mhimili wa katikati umo. Wengi hudhani kazi yake ni kushika spuli tu. Ukweli ni kwamba ndio unaozuia mwanga usiingie kupitia tundu la kumiminia, na bila huo mkanda mzima huungua.

Ingizo la 3: dawa

D-76 ni fomula ya Kodak ya mwaka 1927, na ID-11 ya Ilford kimsingi ni fomula hiyohiyo. Hapa imechanganywa kutoka kwenye unga, kwa lita moja: maji mililita 750 ya nyuzijoto 50, metoli gramu 2, sodiamu salfaiti isiyo na maji gramu 100, hidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, kisha maji baridi hadi lita itimie.

Mpangilio si mapambo. Metoli haiyeyuki vizuri ndani ya salfaiti nyingi, kwa hiyo hutangulia. Lakini ikitangulia peke yake huanza kuliwa na oksijeni. Suluhisho ni chembe za salfaiti kwanza, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, kisha metoli yote hadi iyeyuke kabisa, ndipo salfaiti iliyobaki iingie kidogokidogo. Ukiona punje nyeupe ngumu chini ya chombo baada ya kumimina salfaiti, metoli haikumalizika kuyeyuka. Mizani iwe inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Gramu 2 haziaminiki kwenye mizani ya kupimia unga wa mkate. Glavu ni lazima, kwa sababu metoli huwasha ngozi za baadhi ya watu na mwasho huo ukishaanza huwa wa kudumu. Vyombo visirudi jikoni.

Dawa kamili, yaani isiyopunguzwa, hukaa miezi sita kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni, na miwili tu ikiwa nusu. Kwa hiyo lita moja imegawanywa katika chupa nne za mililita 250, kila moja ya mkanda mmoja. Kuna jambo jingine kuhusu iliyochanganywa nyumbani: ikikaa, ualkali wake hupanda polepole na nguvu yake huongezeka badala ya kupungua. Anayelinganisha negativu za dawa ya jana na ya miezi mitatu analinganisha dawa mbili.

Kuhusu ujazo: chini ya tanki la Paterson pameandikwa mililita 290 kwa mkanda mmoja wa 35mm. Hicho ni kiasi cha kufunika filamu, hakielezi kama dawa iliyomo inatosha kwa kazi. Kwa 1+1, mililita 290 zina 145 tu za dawa kamili. Maelezo ya Kodak yenyewe huagiza kuongeza muda kwa asilimia 10 mkanda wa picha 36 ukisafishwa katika mililita 237 za mchanganyiko huo. Hapa limetumika tanki la spuli mbili lenye mililita 500, yaani 250 za dawa na 250 za maji. Spuli tupu huwekwa juu ya ile yenye filamu ili ya chini isipande kwenye mhimili wakati wa kupindua. Ikipanda, nusu ya upana wa filamu hubaki juu ya dawa, na kasoro yake hutambulika kirahisi: ukanda hafifu mrefu kandokando ya mkanda mzima.

Ingizo la 4: joto

Kipimajoto kimelinganishwa na barafu inayoyeyuka, iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo. Lazima kisome sifuri. Kikisoma 1, makosa hayo huandikwa ubavuni mwake kwa wino na hesabu hufanywa kila mara.

Chupa zote tatu, tanki lenyewe na mtungi wa maji ya kuoshea hukaa kwenye beseni moja la maji nusu saa kabla ya kazi. Dawa ikiwa nyuzi 20 na tanki likiwa nyuzi 27, dawa hupanda mara tu inapomiminwa, na kipimajoto kilichosoma chupani hakina habari.

Pale ambapo 20 haipatikani bila barafu, ni heri kukubali joto la maji na kufupisha muda. Mfano wa Ilford ni kwamba dakika 4 za nyuzi 20 huwa 3 kwa nyuzi 23, na 6 kwa nyuzi 16. Ni takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi. Dakika 13 za nyuzi 20 huwa kama 9 kwa nyuzi 24, na hapo kazi bado ni salama. Muda ukishuka chini ya dakika 5 acha. Sekunde zinazopotea katika kumimina huwa sehemu kubwa mno ya kazi na anga hutoka na mabaka. Ndiyo sababu ya kuchagua 1+1: huacha nafasi ya kufupisha.

Ingizo la 5: kupindua tanki

Mpango ni wa Ilford: kupindua mara nne katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara nne katika sekunde 10 za mwanzo za kila dakika. Kila baada ya kupindua, tanki hugongwa chini mara mbili kwa nguvu kiasi ili mapovu yaachie filamu. Povu lililoganda huacha duara jeupe safi kwenye negativu, na doa jeusi kwenye picha.

Saa huanza dawa yote ikishaingia, na kumwaga huanza sekunde 10 kabla ya muda kuisha. Ukiamua kuanza saa wakati unaanza kumimina, sawa, mradi iwe hivyo daima.

Mikono ni kipimo kinachosahauliwa. Kupindua kwa nguvu kama anayechanganya rangi husukuma dawa kupitia matundu ya filamu, na anga hupata michirizi inayoanzia kwenye kila tundu. Kutopindua kabisa huleta kinyume chake: bromidi inayotoka kwenye sehemu zenye weusi mwingi huzama taratibu na kuzuia kazi ya dawa chini yake, ikiacha mikia. Kugeuza kwa utulivu, mzunguko mmoja kwa kama sekunde mbili na nusu, ndicho kipimo kilichowekwa hapa.

Ingizo la 6: mkanda wa kupimia kasi halisi ya filamu

Hapa ndipo mradi ulipopata uti wa mgongo. Kiasi cha mwanga wakati wa kupiga ndicho kinachoamua kama vivuli vitakuwa na kitu ndani. Muda wa kusafisha huvigusa kidogo sana. Kazi yake kubwa ni kuamua weusi wa sehemu zenye mwanga mwingi. Visu viwili, kila kimoja na makali yake, na ndiyo maana hupimwa kwa zamu, kasi kwanza.

Ukuta wa rangi moja wenye mwanga sawia umejaza fremu nzima, lenzi ikiwa kwenye umbali usio na kikomo ili ukuta uwe ukungu mtupu. Kipimamwanga kimesoma ukuta, kisha mwanga ukapunguzwa stopu nne. Katika mfumo wa kanda (Zone System), unaogawa mwanga wa mandhari kwa hatua za stopu moja moja, uliotungwa na wapigapicha Ansel Adams na Fred Archer karibu mwaka 1940, hiyo ni kanda ya I, kivuli cha kwanza kinachotofautiana na weusi mtupu. Fremu zimepigwa kipimamwanga kikiwa kwenye kasi ya filamu (ISO) ya 400, ambayo ndiyo ya kiwandani, 320, 250, 200 na 160, na fremu moja kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Kanda ya I inatakiwa iwe na weusi (kipimo cha jinsi negativu inavyozuia mwanga) wa 0.10 kuzidi fremu hiyo tupu.

Densitomita, kifaa cha kupimia weusi huo, si lazima. Weusi wa 0.30 ni stopu moja ya mwanga, kwa hiyo 0.10 ni theluthi ya stopu. Kamera ya kidijitali kwenye tripodi, kila kitu kikiwa cha mkono, hupiga fremu tupu juu ya meza ya mwanga. Kisha hupiga fremu za majaribio kwa theluthi ya stopu zaidi. Ile ambayo kilele cha histogramu yake (mchoro wa mgawanyo wa mwanga katika picha) kinaangukia mahali palepale pa fremu tupu ndiyo jibu. Kadi nyeusi izunguke fremu pande zote, la sivyo mwanga wa pembeni huingia lenzini na kufanya sehemu nyeusi zionekane nyepesi kuliko zilivyo.

Jibu la kamera hii na dawa hii ni 250. Namba hiyo si hukumu juu ya Ilford. Imebeba ndani yake makosa ya shata, ya kipimamwanga na ya kipimajoto kwa pamoja, na haifai kuhamishiwa kwenye kamera nyingine.

Ingizo la 7: mkanda wa kupimia muda

Kipimamwanga kikiwa 250, ukuta uleule umepigwa stopu tatu juu ya kipimo, kanda ya VIII, mkanda mzima. Gizani ukakatwa vipande vitatu, kila kimoja kikasafishwa peke yake. Mwanzo ni dakika 13, namba ya Ilford kwa HP5 Plus katika ID-11 1+1, kisha 11:30 na 10. Shabaha ni weusi wa karibu 1.25 juu ya fremu tupu, ambao kwa kamera ya kidijitali ni stopu nne na zaidi kidogo. Dakika 13 zimepita shabaha, 10 hazikufika, 11:30 imefungwa.

Kufupika huko kulitarajiwa. Filamu imepewa theluthi mbili za stopu zaidi ya 400, kwa hiyo sehemu zenye mwanga mwingi zimesogea juu na muda hupunguzwa kuzirudisha. Muda ukibadilishwa, kasi hukaguliwa tena. Hapa kanda ya I imebaki karibu na 0.10, hivyo namba zote mbili zimeandikwa ubavuni mwa tanki.

Ingizo la 8: kusimamisha na fiksa

Dawa ya kusimamisha ni asidi sitriki gramu 15 kwa lita, sekunde 30. Haina harufu, na huilinda fiksa (dawa inayoondoa fedha isiyotumika ili picha idumu) isichafuliwe na alkali.

Fiksa ya haraka ya amoniamu thayosalfeti, 1+4, dakika 4. Kabla ya kila mkanda hujaribiwa kwa kipande cha ulimi wa filamu: tone moja la fiksa juu yake, subiri nusu dakika, kisha kipande chote kitumbukizwe. Mahali pa tone hutangulia kuwa peupe. Saa husimamishwa pale sehemu nyingine zinapolifikia hata doa lisionekane tena. Fiksa mpya humaliza chini ya dakika moja. Muda huo ukifika maradufu ya ule wa fiksa mpya, fiksa imekwisha, hata kama chupa bado ni safi machoni. Filamu za aina ya T-Max na Delta huichosha upesi zaidi.

Iliyokwisha haimwagwi kwenye sinki, ina fedha ndani. Huachwa kwenye ndoo yenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Chuma huyeyuka na fedha hubaki kama tope la kukusanywa.

Chupa na vikombe vya fiksa vimefungwa utepe mwekundu. Fiksa ikiingia kwenye kikombe cha dawa ya kusafishia inaweza kuharibu mkanda.

Ingizo la 9: kuosha na kukausha

Bomba halihitaji kuachwa wazi. Jaza tanki, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Maji yawe ndani ya nyuzi 5 za joto la kazi.

Suuzo la mwisho ni maji yaliyokenekwa, mililita 500, yenye mililita 2.5 za Ilfotol. Filamu hutolewa kwenye spuli kabla ya suuzo hilo, maana sabuni yake huganda kwenye vijipira vya spuli na kusababisha mkwamo wa mara ijayo. Kuzidisha sabuni hakuongezi kitu, huacha utando. Kuikamua filamu kwa vidole au mpira kumekataliwa humu: punje moja ya mchanga huchora mkanda kutoka fremu ya 1 hadi ya 36.

Ingizo la 10: jinsi ya kusoma mkanda ulioharibika

Maandishi ya kiwandani pembezoni mwa filamu hutengenezwa na mwanga wa kiwanda, si wa kamera yako, kwa hiyo ndiyo shahidi wa kwanza. Mkanda mweupe mtupu wenye maandishi meusi yaliyo wazi: dawa ilifanya kazi, filamu haikupata mwanga, mara nyingi haikushikwa na kigurudumu cha kuvutia. Mkanda mweupe usio na maandishi: fiksa ilitangulia, au dawa imekufa. Maandishi mazuri na picha hafifu ni kupungukiwa mwanga; maandishi nayo yakififia, ni kusafisha kusikotosha. Weusi kati ya fremu unaofika hadi kwenye matundu ni mwanga ulioingia kwenye kamera au tanki. Negativu yenye utando kama maziwa haikukaa kwenye fiksa vya kutosha. Irudishwe hata baada ya wiki, itapona.

Ingizo la 11: linaloendelea

Kazi iliyo mezani ni kupiga filamu hii ya 400 kipimamwanga kikiwa kwenye 1600. Ilford hutoa dakika 14 katika ID-11 isiyopunguzwa, na ingizo la 6 linatabiri kitakachoonekana: vivuli vitabaki tupu, sehemu za mwanga wa kati zitapanda, zenye mwanga mwingi zitakolea weusi mno. Mkanda mmoja umepigwa mandhari yenye vivuli vizito, nusu kwa 250 na nusu kwa 1600, fremu mbili tupu zikiachwa katikati ili mkasi upate pa kupita gizani. Nusu ya kwanza itaingia dakika 11:30 katika 1+1. Nusu ya pili itaingia dakika 14 katika dawa kamili, kutoka chupa mbili zilizochanganywa siku moja na iliyotumika kwa nusu ya kwanza.